Mtoto Akishatibiwa, Anarudi Kunywa Maji Gani?

Kwa sisi tunaojitolea kuwahudumia watoto wa familia maskini hapa Nakuru, kazi yetu kwa kawaida hugawanywa mafungu matatu: kuna wanaoshughulikia matibabu, kuna wanaochimba visima, na kuna wanaowasaidia watoto wenye ulemavu wa viungo warudie maisha yao kwa mazoezi, magongo, viatu maalumu na kurejeshwa shuleni. Kila fungu lina wafadhili wake, bajeti yake na ripoti yake ya mwisho wa mwaka. Ninaandika makala haya kwa sababu nimesadiki kwamba, katika eneo letu hili la Bonde la Ufa, mgawanyo huo unawadhuru watoto wale wale tunaotaka kuwafaa. Wapo watoto wanaopelekwa hospitalini kwa sababu ya maji, wakatibiwa vizuri, kisha wakarudishwa nyumbani kwenye maji yaliyowaumiza.

Sizungumzii maji machafu. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara ni maadui tunaowafahamu, na kila mama anajua kwamba maji ya mto hayanywi kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Ninazungumzia maji maangavu yanayotoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, maji yasiyo na rangi wala harufu, ambayo yamebeba madini ya floridi kupita kiasi.

Floridi hiyo haikumwagwa na kiwanda wala na mtu yeyote. Inatokana na mawe na majivu ya volkeno ambayo ndiyo msingi wa ardhi yetu, kuanzia Menengai hadi Longonot. Mvua ikipenya ardhini, maji hukaa muda mrefu yakigusana na miamba hiyo na kuyeyusha madini yake kidogo kidogo. Kama ardhi ingekuwa na chokaa ya kutosha, kalsiamu ingeishika sehemu kubwa ya floridi ikaganda huko huko chini. Lakini maji mengi ya chini ya ardhi katika eneo hili yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba, kwa hiyo floridi hubaki imeyeyuka mpaka inapofika kwenye mtungi wa lita 20. Kwa sababu hiyo hiyo maji haya hutoa povu la sabuni upesi, na kina mama huyasifu sana kwa kufulia. Sifa hiyo ni ya kweli, ila nguo na mtoto haviyapokei maji kwa namna moja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika Bonde la Ufa vipo visima vinavyopita kiwango hicho mara mbili, mara nne, na vingine zaidi ya hapo, na jambo linalotatiza ni kwamba visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kimoja kikawa salama na kingine kikawa cha hatari. Hakuna mzee wala mchimbaji anayeweza kukuambia tofauti hiyo kwa kuonja. Inajulikana kwa kipimo tu.

Ili mtu aone uzito wa jambo hili, na amfikirie mtoto wa miaka mitatu. Mwaka 1997 wataalamu wa lishe wa Marekani walikadiria kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu asipate zaidi ya miligramu 1.3 za floridi kwa siku, na wa miaka minne hadi minane asizidi miligramu 2.2. Sasa tuchukue kisima chenye miligramu 6 kwa lita, na mtoto anayetumia lita moja tu ya maji hayo kwa siku, pamoja na yale yaliyopikiwa uji, chai na ugali. Atakuwa amekwisha kupata zaidi ya mara nne ya kikomo chake, na atafanya hivyo kesho na keshokutwa mpaka aingie shule. Kuyachemsha maji hakumsaidii, kwa kuwa floridi haipai na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, kilichobaki huwa na floridi nyingi zaidi kwa kila lita. Dawa ya klorini haiiondoi, wala chujio la mchanga. Mafundisho yote mazuri ya usafi ambayo tumeyahubiri kwa miaka mingi yanaua vijidudu na kuiacha floridi ilivyo.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye meno. Tukiwa na madaktari wa meno wa kujitolea katika shule moja ya msingi upande wa Rongai, watoto walipangwa foleni chini ya mti, mmoja mmoja akifungua kinywa, na muuguzi akiandika. Wachache walikuwa na michirizi myeupe isiyong'aa. Wengi walikuwa na mabaka ya kahawia kwenye meno ya mbele, na baadhi yao uso wa jino ulikuwa umetoboka vishimo vidogo vidogo na kumeguka pembeni. Msichana mmoja wa Gredi ya Sita alijibu kila swali akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipoombwa autoe mkono, aliinamisha kichwa, na mwalimu aliyekuwa karibu akasema kwa nia njema kabisa kwamba wamewaambia watoto hawa mara nyingi wapige mswaki.

Hapo ndipo daktari alipoacha kazi yake kwa muda akamweleza mwalimu, na watoto wakisikia, kwamba rangi ile haitokani na uchafu. Tabaka gumu la nje la meno ya kudumu hujengwa ndani ya taya, chini ya ufizi, mtoto angali mdogo, kuanzia kuzaliwa hadi karibu na umri wa miaka minane, na meno ya mbele yanayoonekana mtu anapocheka hujengwa hasa katika miaka mitatu ya mwanzo. Floridi ikizidi wakati huo, tabaka hilo huota likiwa na kasoro, na jino linapochomoza miaka kadhaa baadaye huwa limekwisha kuharibika. Hakuna mswaki wa kuiondoa hali hiyo. Wanaoweza kulipa huyafunika au kuyang'arisha meno kwa daktari. Watoto wetu hawawezi. Niliona jinsi yule msichana alivyoinua macho aliposikia kwamba hakukosea kitu, na ninaamini maneno yale ya dakika chache yalikuwa matibabu pia. Watoto wengi wa eneo hili wamelelewa wakilaumiwa kwa uvivu ambao hawana, na vijana husimulia kwamba hata katika kutafuta kazi wameangaliwa meno yao kabla ya vyeti vyao.

Hata hivyo, meno si mwisho wa madhara. Floridi hupenda mahali penye kalsiamu, na mwilini mahali hapo ni mifupa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita yanaweza kuathiri mifupa ya wanaoyatumia kwa muda mrefu, na kwamba ulemavu mkubwa hutokea hasa panapozidi miligramu 10. Kwa mtoto anayekua, mwenye mlo duni usio na maziwa, madhara huonekana miguuni: magoti yanayogongana anapotembea, au matege yanayoongezeka mwaka hadi mwaka. Nataka niwe mwangalifu hapa. Si kila matege ni ya floridi. Ukosefu wa vitamini D, upungufu wa kalsiamu peke yake na magonjwa mengine ya mifupa huleta umbo lile lile, na ni daktari mwenye picha za eksirei na vipimo vya damu na mkojo anayeweza kutofautisha. Lakini katika eneo kama letu, daktari au mhudumu wa afya ya jamii anayeona miguu iliyopinda bila kuuliza mtoto anakunywa maji gani ameacha swali la kwanza.

Katika kikundi chetu tulikuwa na mvulana aliyelelewa na nyanya yake, huko juu ya Njoro, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo karibu na shule. Magoti yake yaligongana kiasi kwamba alianguka akijaribu kukimbia. Wafadhili walilipia upasuaji, miguu ikanyooshwa, akakaa na plasta wiki nyingi, kisha akaanza mazoezi. Tulipomtembelea alituonyesha kazi yake ya kila siku: aliketi kwenye kiti cha mbao kilichowekwa mlangoni, nyanya yake akamfunga kwenye kifundo cha mguu soksi iliyojazwa mchanga, naye akaunyoosha mguu polepole mpaka ukalingana na paja, akaushikilia, akaushusha. Nyanya alikuwa akihesabu kwa sauti, na hakumruhusu kuruka hesabu. Jasho lilimtoka mtoto yule, lakini alikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza kwa maandishi. Tulipomaliza, tuliletewa chai, na mmoja wetu akauliza maji yalitoka wapi. Yalitoka kwenye kisima cha shule, mita chache kutoka pale, kisima kilichochimbwa na wafadhili wengine ambao hatukuwahi kukutana nao. Tulichukua sampuli. Majibu ya maabara yalipokuja, floridi ilikuwa zaidi ya mara nne ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani.

Tuliporudi kumweleza, yule nyanya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza: "Wanangu, maji ya mto humharisha, na haya ya kisima mnaniambia yanampinda mifupa. Sasa nimpe yapi?"

Swali lake ndilo lililobadilisha namna ninavyoitazama kazi yote hii. Nyanya yule alifanya kila aliloambiwa: alimpeleka mtoto kliniki, aliacha kuteka maji mtoni, alisimamia mazoezi. Kila kundi lililomfikia lilimpa sehemu yake ya ukweli na kuondoka, na yeye akabaki katikati akiwa na mtoto mmoja ambaye hagawanyiki mafungu matatu.

Siwalaumu waliochimba kisima kile. Kabla hakijachimbwa, wasichana wa shule ile walikuwa wakishuka bondeni kila asubuhi kuteka maji ya mto, na kuhara kulikuwa jambo la kawaida. Kisima kirefu huwa na vijidudu vichache mno kuliko mto, na wapo watoto walio hai leo kwa sababu visima vya namna hiyo vilichimbwa. Ninachosema ni kwamba katika Bonde la Ufa kuchimba ni nusu ya kazi. Gharama ya kupima floridi ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuleta mtambo, kufunga pampu na kujenga mnara wa tangi, na kipimo hicho kinapaswa kufanywa kabla ya kukata utepe, na majibu yake yabandikwe ukutani pale maji yanapochotwa, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa. Nimewahi kuona faili ya mradi ambamo karatasi ya maabara ilikuwamo, imepigwa mhuri, na takwimu ya floridi imeandikwa wazi. Lakini hakuna hata mzazi mmoja aliyeambiwa. Karatasi inayokaa kwenye faili haimlindi mtoto yeyote.

Tena tiba ya maji haya ipo, na sehemu yake imefanyiwa kazi hapa hapa mjini kwetu. Jimbo Katoliki la Nakuru, kupitia kitengo chake cha ubora wa maji, lilianza kushughulikia njia ya mkaa wa mifupa mwaka 1998, na baadaye lilifanya utafiti pamoja na Eawag, taasisi ya sayansi ya maji ya Uswisi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, mpaka iwe mkaa mweusi. Kisha husagwa kuwa chengachenga, ikaoshwa na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba au kwenye tangi kubwa la shule. Maji yakipita humo polepole, floridi hunaswa na madini ya mfupa, kwa sababu ile ile inayoifanya inaswe na mifupa ya mtoto. Uchomaji una ufundi wake. Moto ukiwa mdogo, mafuta na nyama hubaki na maji hutoka na harufu. Moto ukizidi, mkaa huwa mweupe na uwezo wake hupungua. Watafiti wa Nakuru waliongeza vidonge vya kalsiamu na fosfati ili chujio lidumu muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Wapo wanaouliza ni mifupa ya mnyama gani, na wana haki ya kuuliza; jibu linapaswa kutolewa wazi kabla chujio halijaingia nyumbani mwa mtu.

Udhaifu wa chujio hili ni kwamba linapochoka halitoi ishara yoyote. Maji hutoka yakiwa maangavu vile vile, mama hufungua bomba akiwa na imani, na floridi hupita yote. Kadiri kisima kinavyokuwa na floridi nyingi ndivyo mkaa unavyochoka mapema, kwa hiyo hata tarehe ya kubadilisha haiwezi kuwa moja kwa kila kijiji. Mfadhili anayegawa ndoo za chujio, akapiga picha na asirudi kuzipima, amewaachia watu utulivu wa uongo, na kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko kutowapa chochote, kwa sababu mama aliyejua hatari sasa ameacha kuiogopa.

Njia ambayo mimi naipenda zaidi, kila inapowezekana, ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 30 za mraba, mahali panapopata milimita 900 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 27,000. Tukitoa moja ya tano kwa yale yanayomwagika, zinabaki lita 21,600. Familia ya watu sita ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, kwa mwaka itahitaji lita 9,125. Mvua inatosha na kusaza. Kinachokosekana ni pa kuyaweka maji wakati wa kiangazi, na kwa siku 90 kavu zinahitajika lita 2,250, yaani tangi dogo la plastiki ambalo liko kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini. Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, na yanayobaki yachemshwe au yatiwe klorini. Ya kisima yaendelee kufulia, kuogea na kunyweshea mboga.

Mvua isipotosha, kuchanganya kunasaidia. Maji yenye miligramu 6, yakichanganywa mtungi mmoja kwa mitungi mitatu ya maji ya mvua, hushuka hadi miligramu 1.5. Hesabu hiyo tumewafundisha watoto wa shule, nao wanaifanya vizuri kuliko wazazi wao.

Najua kwamba tangi haliwezi kuwa jibu kwa kila mtu. Katika mitaa kama Kaptembwa na Rhonda familia hukodi chumba kimoja, paa ni la mwenye nyumba, na hakuna nafasi hata ya ndoo ya pili. Huko tegemeo ni maji ya bomba na vioski vya maji, na huko kazi ya wahisani ni kusimama pamoja na wapangaji kudai kwamba maji yanayouzwa yapimwe na majibu yatangazwe. Maji ya mito inayotoka Mau na Aberdare, yakisafishwa na kutiwa dawa kabla ya kuingia kwenye mabomba, huwa na floridi kidogo kuliko ya visima vyetu vingi, na kila mtaa maskini unaofikishiwa bomba hilo umeepushwa na vijidudu na floridi kwa wakati mmoja.

Pesa zetu ni chache, kwa hiyo lazima tuseme nani aanze. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floridi nyingi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hatari huanza na uji wa kumlikiza, na bahati mbaya ni kwamba huo ndio wakati ambapo meno yake ya kudumu ya mbele yanajengwa. Kwa hiyo kama kijiji kina machujio kumi na nyumba mia, yaende kwanza kwa nyumba zenye watoto wa miezi sita hadi miaka minane, na katika nyumba hizo maji salama yapikie uji kabla hayajapikia kitu kingine. Maziwa yanasaidia pia, kwa kuwa kalsiamu huishika sehemu ya floridi tumboni na huwapa mifupa kinachohitaji. Inanisikitisha kuona boma lenye ng'ombe ambalo hupeleka maziwa yote dukani na kumwachia mtoto chai ya rangi, ingawa naelewa kwamba karo hulipwa kwa maziwa hayo. Na magadi tunayotia kwenye maharagwe, githeri na mboga za kienyeji ili ziive upesi yana floridi yake. Kuloweka maharagwe usiku kucha kunafanya kazi hiyo hiyo bila madhara.

Kuhusu miguu iliyokwisha kupinda, neno langu kubwa ni kwamba mtoto afikishwe kwa daktari mapema. Mtoto ambaye bado anakua anaweza, kwa hali fulani, kufungwa kibati kidogo chenye skrubu upande mmoja wa goti, ili upande huo upunguze kukua na ule mwingine uufikie, na mguu ukanyooka wenyewe kwa miezi mingi. Akishamaliza kukua, njia hiyo imefungwa, na inabaki kukata mfupa na kuupanga upya, upasuaji mkubwa wenye maumivu na gharama. Hospitali ya AIC-CURE iliyoko Kijabe, ambayo ilifunguliwa mwaka 1998, ni ya mifupa na viungo vya watoto, na si mbali sana na kwetu kwa barabara ya kwenda Nairobi. Hata hivyo kwa mama anayefanya vibarua nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa ndiyo humshinda, kuliko hofu ya kisu, na wafadhili wengi hulipia upasuaji na kusahau nauli ya kliniki za kufuatilia. Mtoto asiporudi kukaguliwa, kibati hicho huendelea kuvuta mguu mpaka upinde upande wa pili.

Baada ya upasuaji kuna miezi ya mazoezi, na mazoezi hayo hufanyika nyumbani kwa mtu aliyechoka. Kwa hiyo ziara ya mhudumu si ya kukagua tu kama mtoto ananyoosha goti. Ni ya kumshika mkono nyanya, kuzungumza na mwalimu ili mtoto asikae nyuma ya darasa kwa sababu ya magongo, na kufungua mtungi ulioko jikoni. Tumeanza kuandika katika fomu yetu ya ziara, karibu na mahali pa kipimo cha goti, mahali pa chanzo cha maji na kiwango chake cha floridi. Mtoto haandikwi kwamba amemaliza huduma mpaka sehemu zote mbili zimejazwa. Yule mvulana wa Njoro sasa nyumba yao ina mfereji wa bati wa kukinga maji ya mvua paani na tangi dogo lililowekwa juu ya mawe, ambalo lililipiwa kwa mchango wa kanisa na wa chama cha kina mama, na shule imekubali kisima chake kiwekewe chujio la mkaa wa mifupa litakalopimwa kila muhula.

Kwa wafadhili wanaosoma hapa, wa nyumbani na wa ng'ambo, ombi langu ni moja: mnapoandika bajeti, tieni ndani yake gharama ya kupima maji na kubadilisha mkaa kwa miaka kadhaa baada ya uzinduzi, hata kama italazimu visima vipungue. Afadhali shule mbili zenye maji tunayoyajua kuliko tano zenye maji tunayoyakisia.

Na kwa mzazi au mwalimu anayetaka kujua maji ya kwao, chukua chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floridi inaweza kushikamana na kioo na kuharibu kipimo. Acha maji ya pampu yatiririke kidogo, isuuze chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, kisha uijaze na kuifunga vizuri. Andika juu yake jina la mahali, aina ya chanzo na tarehe. Ipeleke kwenye maabara ya maji, useme wazi kwamba unataka kipimo cha floridi, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiionyeshi, na uombe jibu kwa maandishi. Ukishalipata, lisomwe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya jambo lingine lolote.